Kupunga si Kutoa: Mwisho wa The Exorcist



Vijana wa hapa Amani wakishatazama The Exorcist, filamu ya William Friedkin ya mwaka 1973, hunijia na swali moja: "Mwalimu, nani kashinda?" Padri Karras kafa, basi, wasemavyo wao, shetani kapata alichokitaka. Fasiri hiyo si ngeni. Hata William Peter Blatty, mwandishi wa riwaya ya mwaka 1971 iliyozaa filamu hiyo, alisikitika kwamba watazamaji wengi waliuelewa mwisho hivyo. Kwetu sisi pana sababu ya ziada ya kupotea, nayo ni kitenzi.

Wafasiri wa vibandani husema kwamba mapadri "wanapunga pepo". Kwa mtu wa pwani, kupunga kuna utaratibu wake. Mwele huwa kiti cha pepo. Mganga humwuliza pepo jina lake na haja yake. Ubani hufukizwa, ngoma hupigwa, ada hutolewa. Mara nyingi pepo hafukuzwi, bali huridhishwa, na mwele akaendelea kuishi naye kwa mapatano. Aliyelelewa na neno hilo atayangoja mapatano hayo. Akiona maiti chini ya ngazi badala yake, atasema mganga kashindwa.

Mapadri wale hawapungi, wanatoa. Padri Merrin anamwonya Karras asizungumze na pepo, seuze kupatana naye. Merrin anapofariki kazi haijesha, Karras anamkamata binti Regan na kumtaka pepo amwingie yeye. Pepo anamwingia: uso wa padri unageuka, mikono inamwelekea mtoto. Kisha uso unarudi kuwa wake, anapiga ukelele wa kukataa, na kujirusha dirishani. Uzingatieni mpangilio huo: uso ulirudi kwanza, kuruka kukafuata. Aliyeruka ni Karras mwenyewe. Na kule chini, Padri Dyer anapomwuliza kama anazijutia dhambi zake, vidole vyake vinaubana mkono wa mwenziwe. Pepo hatubu.

Basi tukiite nini kitendo hicho? Si kupunga, wala si kutoa tu. Mimi nakiita kukomboa, nafsi kwa nafsi. Karras alijifanya kiti kwa hiari yake, kisha akakivunja kiti kabla mgeni hajatulia. Lakini taswira hiyo itamfikiaje kijana ambaye kwake kiti ni samani tu?

Hapo ndipo penye hasara yetu. Mwele, kilinge, kupungwa, kupandwa: maneno haya yanafifia, na nafasi yake yote inachukuliwa na "mapepo". Simwiti mtu arudi kilingeni. Kila mja na imani yake. Nasema tu kwamba lugha iliyokuwa na vitenzi vinne vya kushughulika na pepo, ikibakiwa na kimoja, itauona mwisho mmoja katika kila hadithi. Nanyi washairi, mtakapotunga juu ya hofu, anzeni kwa kuchagua kitenzi.