Kompyuta za zamani zisitupwe

Oktoba 14, 2025, Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Kompyuta nyingi za zamani katika ofisi na shule zetu hazikidhi masharti ya Windows 11, kwa kukosa chipu ya usalama ya TPM 2.0 au prosesa ya karibuni.

Zisitupwe. Linux Mint, mfumo endeshi mbadala wa Windows, haina ada ya leseni, na RAM ya gigabaiti 2 inatosha kuiendesha. Fundi huiweka kwenye flashi, huijaribu kwenye mashine bila kugusa diski, ndipo huisakinisha.

Uwezo wa kutumia programu huria kama hii tunao: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu huria ya ofisi, Jambo OpenOffice, kwa Kiswahili. Wakuu wa shule na maofisa ununuzi, hifadhini kwanza mafaili, sakinisheni Linux, kisha ndipo mfikirie kununua kompyuta mpya.