Kushusha motokari si kosa, kukata resori njo kosa

Mu Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, kijana akipata kontra ya kwanza ku mine, kitu anachotafuta mbele ya vyote ni motokari. Mara mingi ni Toyota ndogo iliyozeeka: IST, Vitz ao Corolla ya miaka ya 1990, yenye volani kuume, iliyotoka Japani ikapita Dar es Salaam na Kasumbalesa. Hapo hakuna shida, ameitokea jasho. Kisha miezi kidogo unaona ile motokari imelala chini, tumbo karibu kugusa udongo, rimu mpya, muziki juu. Mwenyewe anasema: niliishusha.

Wazee wengine wanatukana hawa vijana. Mimi sitawatukana. Mutu anayepitisha siku nzima mu vumbi ya mine eko na haki ya kupenda kitu chake. Na kushusha motokari si wazimu. Hata motokari za mashindano zinashushwa, juu uzito ukikaa chini, motokari hailale sana mu kona. Shida ni namna tunavyoifanya hapa kwetu, na ni nani anayepanda ndani.

Tuelewane kwanza. Resori inabeba uzito wa motokari. Amotisa inatuliza resori isiendelee kurukaruka. Zote mbili zinafanya kazi moja: kubakiza gurudumu ku barabara. Gurudumu likiachana na barabara, volani haisikie na freni haisikie.

Kuna amotisa zilizotengenezwa kwa kushusha. Mwili wake uko na meno nje, sawa buloni kubwa, na pete inayozunguka. Ukiteremsha pete, resori inateremka na motokari inateremka. Resori yake ni fupi na ngumu kwa sababu kiwanda kiliifanya kwa urefu ule, na amotisa vilevile. Ku IST na Vitz, mbele resori na amotisa vinakaa pamoja. Nyuma kila kimoja kiko pa yake, kwa hiyo pete ya nyuma inakaa ku resori. Fundi anayejua kazi, akimaliza, anaangalia kama mipira ya freni haivutwe wala haikwaruzwe, anarudilia kupima taa, na anafanya paralelismi. Motokari ikishuka, magurudumu yanabadilisha pembe. Usipofanya paralelismi, mipira ya magurudumu inakulika upande wa ndani, pale mwenyewe hatazame.

Namna ya pili njo tunaona sana mu cité. Fundi anakamata diski ya kukata chuma, anatosha mzunguko mmoja ao mbili ya resori. Ao anaichoma na shalimo mpaka inalala. Bei yake ni kidogo, njo maana inapendwa. Lakini resori iliyokatwa haikae tena vizuri mu sahani yake. Gurudumu likining'inia mu shimo, inaweza kuchomoka pa nafasi yake. Ile iliyochomwa ni mbaya zaidi. Chuma ya resori ilipikwa kiwandani kwa joto la kipimo, na shalimo inaharibu kazi ile yote. Kesho italala tena, ao itavunjika. Na amotisa ya zamani, iliyofanywa kwa motokari yenye kusimama juu, sasa inafanya kazi imekunjwa, inagonga mwisho wake ku kila shimo, mpaka mafuta inatoka.

Sisi watu wa mine tunajua mambo haya kuliko wengine. Kamba ya chuma ya kunyanyulia mzigo ikikatika nyuzi, inawekwa pembeni. Dumper yenye suspension inayovuja haipaswe kushuka mu shimo: operateri anaandika ku fomu yake na anasimamisha. Hakuna hata mumoja wetu angekubali mutu achome na shalimo mnyororo wa kunyanyulia. Lakini saa ya kuacha kazi, mutu yule yule anapandisha wenzake ine mu motokari yenye resori iliyochomwa na shalimo.

Na hapa njo moyo wa jambo. Ile motokari si ya kutembea paka siku ya Mungu. Wafanyakazi wengi wa kampani za sous-traitance hawana bus ya kuwapeleka ku kazi. Wanachangana makuta ya mafuta, wanapanda kwa mwenzao saa kungali giza. Watu tano wa kilo 70 ni kilo 350. Motokari iliyokuwa chini inashuka tena, resori haina tena nafasi ya kucheza. Halafu inaingia ku Nationale 1 kati ya malori ya shaba na kobalti, inaruka dodani, inaangukia mu mashimo yaliyochimbwa na mvua. Dereva alichagua urefu wa motokari yake. Wale ine hawakuchagua.

Nilipeleka jambo la transport mbele ya wakubwa wa kampani moja. Jibu lao lilikuwa fupi: transport iko ndani ya mshahara. Hapana. Code du Travail ya mwaka 2002 inataja indemnité ya transport mbali na mshahara. Mwenye kuvichanganya anakula pesa ya safari ya mufanyakazi, na mufanyakazi anaangukia mu motokari ya mwenzake.

Wengine watasema: barabara njo inaua, si resori. Ni kweli barabara zetu ni mbaya, na tutaendelea kuzidai. Lakini juu barabara ni mbaya, njo motokari inahitaji nafasi chini yake. Wengine watasema: zile amotisa za kupima ni bei kali. Basi, kama pesa haijatosha, acha motokari vile ilitoka kiwandani. Nunua amotisa mpya za urefu wa kawaida na mipira mizuri. Motokari ya zamani itasimama vizuri kuliko ya jirani yako aliyekata.

Ujerumani vijana wanashusha motokari kuliko sisi. Lakini kule mukaguzi anapaswa kuangalia kazi ile, na inaandikwa mu karatasi za motokari. Kwetu kontrole tekniki inajulikana sana ku dirisha la kulipia. Tunaomba mutu ainame, awashe torshi, atazame resori. Haiombe mashini ya bei kubwa.

Kwa wenzangu wa sendika: mbele ya kuzungumza tena convention collective, tuweke bus ya wafanyakazi ku mustari wa kwanza, hata kwa wale wa sous-traitance. Tunahesabu ajali za ndani ya mine. Hizi za njiani tunaziacha kwa familia kulia peke yao.

Na kwa vijana yetu, neno moja la mukubwa wenu. Msiseme mtateremsha pete siku ya Mungu na kuipandisha siku ya kazi: kila ukigusa urefu, paralelismi inarudiliwa. Chagueni urefu mumoja, mupime motokari ikiwa na watu tano ndani, ibakize nafasi ya kupita dodani bila karteri kugusa. Kama kwa urefu ule haionekane tena imeshuka sana, mutavumilia. Iwe motokari ya kufikisha watu.