Taa ya ABS Isiyozimika



Hapa Kinsevere motokari nyingi zinatembea na ile taa ya manjano ya ABS ikiwaka. Baba wa jamaa anasema: freni inashika, ni taa tu. Wengine wanaing'oa mu tablo. Lakini siku ya mvua, watoto wakiwa nyuma, ukikanyaga freni kwa nguvu magurudumu yanaweza kujifunga, na hapo usukani hausikii tena. Njo maana Bosch na Mercedes-Benz walitoa ABS mwaka 1978: usukani uendelee kutii.

Ku kila gurudumu kuna kapteri, kama sikio dogo linalohesabu meno ya pete inayozunguka. Sikio moja likisema uongo, kompyuta inazima ABS yote.

Sasa shida iko hapa. Kijana anaunganisha skaneri, inaandika "kapteri ya mbele kuume", naye anamtuma baba mjini kununua ingine. Falanga za masomo zinatoka, piesi mpya inafungwa, kesho taa inawaka tena. Skaneri haikudanganya! Ilitaja njia nzima: kapteri, waya, plagi na pete. Haikusema ni kipi kimekufa.

Basi anza na macho. Osha gurudumu, fuata waya mpaka mwisho. Mawe ya barabara yanaukata, na maji yakiingia mu plagi, vyuma vyake vinaota kutu ya kijani. Chomoa kapteri, pangusa kichwa chake. Kikiwa na simaku, kinashika unga wa chuma unaotoka ku disiki ya freni. (Shaba yetu haishikwe na simaku, musiisingizie.) Tazama pia kama pete imepasuka.

Kiisha, mumoja aendeshe moja kwa moja, kilometa 30 kwa saa, mwingine asome skaneri. Ukiona 30, 30, 30 na 0, tafuta waya uliokatika ao kapteri iliyokufa. Kama namba inaanguka tu motokari ikikaribia kusimama, na pedali inatetemeka chini ya mguu ku barabara kavu, usikimbilie dukani: mara nyingi ni uchafu, pete iliyopasuka ao rulema inayocheza. Na kama gurudumu moja linasoma juu kidogo wakati wote, pima pine kwanza. Pine ndogo inazunguka mbio kuliko zingine.

Kapteri za zamani, zenye waya uliozungushwa ndani, unapima na multimetri. Nyingi zinaonyesha karibu omu 1,000. Linganisha na ya upande mwingine. Zile mpya zinapewa umeme na kompyuta, kwa hiyo kuzipima omu hakusaidii. Washa kontakti, angalia kama umeme unafika ku plagi. Na kama rulema ilibadilishwa juzi, uliza: zingine zina simaku upande mumoja, na fundi akizifunga kinyume, kapteri haisomi kitu.

Taa nyekundu ya freni ikiwaka pamoja na ya ABS, simamisha motokari, angalia mafuta ya freni, wala usibebe watu.

Nanyi akina baba na akina mama, mbele ya kutoa falanga za piesi, ombeni fundi awaonyeshe zile namba ine ku skaneri.