Kufuli la Urembo

Kila alfajiri mwaloni Kirumba dagaa hushushwa kutoka visiwani, na fedha zake hurudi visiwani bila kupanda boti. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa nchini mwaka 2008, simu imekuwa sanduku la akiba la mvuvi wa Ukara na la mchuuzi wa Mwanza. Kwa hiyo hatuna budi kulitazama jambo ambalo wengi huliona dogo: programu zinazoweka kufuli jipya kwenye kioo cha simu, lenye maua, saa kubwa au nembo ya timu.

Yafaa ieleweke kwamba kufuli lililokuja na simu limo ndani ya mfumo wake wenyewe, na katika simu nyingi za siku hizi namba yake ya siri ndiyo inayosaidia kufungia kumbukumbu zote zilizomo. Programu ya urembo haifiki huko. Ni pazia lililotundikwa mbele ya mlango. Mwenye simu, akichoshwa na kufungua mara mbili, hulizima kufuli la kweli akabaki na pazia; na programu ikikwama, au simu ikizimwa na kuwashwa, pazia laweza kuanguka.

Watasema kwamba fedha zina namba yake ya siri. Ni kweli. Lakini biashara ya mwaloni huendeshwa kwa kuaminiana. Mnunuzi wa Kirumba akipata ujumbe kutoka namba ileile ya mwenye boti aliyemzoea, ukimwambia atume malipo kwa namba nyingine, ataulizia nini? Mwizi ametosheka na simu iliyo wazi. Tena baadhi ya programu huomba ruhusa ya kusoma yaliyomo kiooni, na anayeitoa ruhusa hiyo bila kufikiri huenda ameitoa na namba ya siri ya fedha zake.

Mwaka 2017 Google ilipiga marufuku matangazo ya biashara kwenye kioo kilichofungwa, isipokuwa kwa programu ambazo kazi yake pekee ni kufuli. Hizo ndizo tunazozizungumzia.

Serikali inazo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ila sheria humfuata mwizi akiwa ameshaondoka. Tunawaomba ndugu zetu wa TCRA Kanda ya Ziwa walifikishe somo hili kwenye mikutano ya BMU huko Ukerewe na Kome, ambako semina za mjini hazifiki. Na maofisa waanze na simu zao wenyewe, kwani humo zimo nyaraka za wananchi.