KITI CHA DEREVA NI CHOMBO CHA KAZI



Visiwa vyetu vina sifa ya viti. Mafundi wa Siyu, Pate na Amu walichonga kiti cha enzi, chenye mgongo mrefu, mikono mipana na mahali pa kuwekea miguu, na aliyekalishwa hapo ni mgeni wa heshima. Sasa vuka maji uende Mokowe, uchungulie ndani ya motokaa ndogo zinazongoja abiria na mizigo karibu na gati. Utamwona dereva, mtu aliyeshika roho za watu mikononi mwake, amekalia sponji iliyokufa zamani. Nyuma ya kiuno ameweka gunia lililokunjwa, na chini yake ametia kipande cha ubao ili asizame akashindwa kuona njia.

Wako watakaosema kwamba hili ni jambo dogo, na kwamba Chama kina mambo makubwa ya kushughulikia. Twawaomba wasome kwanza.

Mwanachama wetu mmoja alitujia na shauri lake. Alikuwa akiendesha motokaa ya mtu, naye alilalamika juu ya kiti muda mrefu bila kusikilizwa. Mwisho alitoa fedha zake mwenyewe, akaagiza viti viwili vya mbele vya mtumba kutoka Mombasa, akalipa nauli ya mzigo, akamlipa na fundi. Mgongo ukapata nafuu. Haikupita miezi mitatu, tajiri akaichukua motokaa na kumpa dereva mwingine. Viti vikaenda pamoja na motokaa. Alipovidai aliambiwa, “Karatasi iko wapi?” Karatasi hakuwa nayo.

Basi hili si jambo la sponji tu. Ni jambo la nani hulipia chombo cha kazi, na nani hubaki nacho.

Tuanze na mgongo. Mtu aliyekaa ndani ya gari hupokea mtikiso wa njia kupitia kiti. Wataalamu wamepima wakaona kwamba mwili wa mtu aliyeketi hutikisika vibaya zaidi mtikiso unapokuwa wa mara kama 5 kwa sekunde, na huo ndio mtikiso ambao gari hutoa katika njia mbovu. Maumivu ya kiuno kwa madereva wa kazi ni jambo lililothibitishwa katika nchi nyingi. Kiti kizima hupunguza mtikiso huo. Kiti kilichokufa huupitisha wote, na pengine huuzidisha. Barabara kuu ya Garsen, Witu na Mokowe imetiwa lami, nasi twashukuru, lakini safari ya Mokowe hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 300, na ukiacha barabara kuu na kuingia njia za mashambani wakutana tena na mashimo na mchanga.

Tena zihesabuni hizo motokaa umri wake. Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu lililozidi miaka 8. Motokaa iliyoingia ikiwa na miaka 7, ikafanya kazi hapa miaka 8, kiti chake kina miaka 15, na katika miaka hiyo kimelowa jasho, chumvi ya bahari na maji ya samaki.

Hapa Amu tangu mwaka 1987 punda walifunguliwa hospitali yao, nao wakatibiwa bure. Ni jambo jema, wala hatumwonei punda wivu. Kila mwenye punda ajua kwamba sogi ikikaa vibaya mgongoni huleta kidonda, na punda mwenye kidonda habebi mawe wala mchanga. Twauliza tu: mwenye motokaa anayejua hesabu hii kwa punda, mbona haijui kwa dereva?

Tajiri hujibu hivi: “Dereva si mwajiriwa wangu wa mshahara. Huniletea hesabu yangu ya kila siku, kinachozidi ni chake. Akitaka kiti kizuri na anunue.” Jibu hili lina sura ya haki, kwa hivyo tulipime vizuri. Dereva huyo huyo hanunui tairi za motokaa. Hanunui betri, wala halipii bima. Tajiri hulipa vitu hivyo kwa sababu ni sehemu ya motokaa yake na huongeza thamani yake. Kiti nacho kimefungwa kwa bolti nne sakafuni mwa motokaa hiyo hiyo. Kwa nini kiti peke yake kiwe mzigo wa dereva? Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na anayekaa nyumbani akingoja hesabu haujui ubao ulio chini ya sponji.

Kwa wale walioajiriwa kwa mshahara, madereva wa ofisi, wa maduka na wa makampuni, sheria yasema wazi zaidi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri ahakikishe kwamba vyombo na kazi vinamfaa mfanya kazi. Haisemi kwamba mfanya kazi ajikunje mpaka akifae chombo.

Sasa twageuka kwa wanachama wenyewe, maana lawama si za upande mmoja. Tumeona viti vilivyobadilishwa kwa namna ya kutisha. Kiti kizuri kilichofungwa vibaya ni hatari kuliko kiti kibovu kilichofungwa vizuri. Kwa hivyo shikeni maneno haya.

Kwanza, pima kabla ya kununua. Pima urefu kati ya tundu za bolti, mbele kwa nyuma na kushoto kwa kulia. Motokaa za ukoo mmoja mara nyingi hupokea viti vya kila mmoja. Probox iliyotoka Japani tangu mwaka 2002 ilitengenezwa kwa kazi ya mizigo, na viti vya zile za bei ya chini ni vya kawaida sana. Pacha wake, Succeed, alipewa vilivyo bora, navyo mara nyingi huingia katika Probox ya miaka ile ile. Lakini usiende kwa maneno ya muuzaji, nenda na kipimo.

Pili, usikubali kuchomelea. Fundi akikuambia atakata reli za kiti na kuziunga kwa moto, mwache. Reli iliyochomelewa ovyo huweza kukatika siku ya ajali, na kiti kikatoka na mtu wake. Kiti kikae katika bolti zake nne, na nyuzi za nati za sakafuni ziwe nzima. Ukiona kutu imekula sakafu, itengenezwe sakafu kwanza.

Tatu, tazama mkanda. Katika motokaa nyingi ndogo kifungo cha mkanda kimefungwa kwenye kiti chenyewe. Ukileta kiti kigeni, huenda ulimi wa mkanda wako usiingie katika kifungo chake. Kanuni za mwaka 2003, zile ambazo watu huziita za Michuki, zilizoanza kutumika Februari 2004, ziliutaka mkanda katika magari ya abiria. Kiti kisichofunga mkanda hakifai hata kikiwa cha hariri.

Nne, chungulia chini ya kiti. Ukiona plagi ya rangi ya manjano, jua kwamba kiti hicho kina mfuko wa hewa ubavuni. Zima gari, ondoa waya wa betri, ngoja dakika chache ndipo uguse. Kiti cha namna hiyo usikivalishe kitambaa kinachofunika ubavu wake, maana mfuko utazuiwa kufunguka.

Tano, usinunue kiti kilichotoka katika gari lililogongwa. Kisogeze mbele na nyuma, usikie reli zote mbili zikishika. Egemea kwa nguvu. Kikipinda au kikilia, kirudishe. Na kiegemeo cha kichwa kisitolewe, kwani ndicho kinachookoa shingo ukigongwa kwa nyuma.

Sita, kikishafungwa, kaa ukitazame. Miguu ifike kwenye kanyagio bila kunyooka kabisa, kiuno kiguse mgongo wa kiti, kichwa kiwe mbali na dari, macho yaione njia vizuri juu ya usukani. Kisha paka reli mafuta mara kwa mara, kwa sababu chumvi ya huku hailali.

Liko na neno moja chungu. Tunajua kwamba katika baadhi ya motokaa ndogo dereva hugawana kiti chake na abiria, akaendesha kwa upande mmoja wa kiuno ili apate nauli moja zaidi. Ndugu, twawezaje kumwambia tajiri kwamba kiti cha dereva ni chombo cha kazi, nasi wenyewe twakikodisha? Anayefanya hivyo aharibu hoja ya wenzake wote, na ahatarisha roho ya aliyembeba. Jambo hili likomeshwe, na likomeshwe nasi wenyewe kabla ya polisi.

Basi Chama chasema hivi. Kiti cha mbele kilichokufa kibadilishwe kwa gharama ya mwenye motokaa, kama vile tairi lililokwisha hubadilishwa. Tajiri akiwa hana fedha kwa wakati ule na dereva akakubali kutanguliza, zirudishwe kidogo kidogo kwa kupunguzwa katika hesabu ya kila siku, mpaka deni liishe. Na dereva anayenunua kiti kwa fedha zake bila kurudishiwa, kiti hicho ni chake. Aondokapo aondoke nacho, na vile vya zamani virudishwe mahali pake. Viti vya zamani visitupwe wala kuuzwa mpaka pande zote mbili zimekubaliana.

Haya yote yaandikwe. Karatasi moja yatosha: tarehe, namba ya gari, viti vya namna gani, nani amelipa, kiasi gani, sahihi ya tajiri na ya dereva, na shahidi mmoja. Asiyejua kuandika aje ofisini aandikiwe. Ndugu yetu tuliyemtaja hapo juu hakukosa haki, alikosa karatasi, naye leo amerudi kukalia gunia katika motokaa nyingine. Asitokee wa pili.