Msimseme mwenye mimba ya kwanza

Wadau, nilikuwa kimya kidogo, nilikwenda nyumbani Ngumbo. Mwambao ni ule ule: muhogo, dagaa wa Nyasa juani, na mbu wanaoingia zamu jua likizama.

Nimemkuta mdogo wangu ana mimba ya kwanza, ametoka kuugua malaria mpaka midomo imepauka. Kliniki ameanza mwezi wa tano. Nikamuuliza kwa nini amechelewa hivyo. Shangazi akajibu badala yake: "Mabinti wa siku hizi legelege. Mie nimezaa saba, hivyo vidonge vyenu vya SP sikuvijua."

Nilitaka kubisha, nikanyamaza. Maana kwa upande mmoja shangazi anasema kweli.

Vimelea vya malaria aina ya falsiparamu vina jeni kama 60 za kutengeneza protini inayokaa juu ya seli nyekundu ya damu, mfano wa koti. Kila kimelea huvaa moja kwa wakati. Mtu aliyekulia ziwani ameugua sana utotoni, kinga yake inayajua mengi ya makoti hayo. Ila lipo moja, VAR2CSA, linalonasa kwenye kondo la nyuma. Asiye na mimba hana kondo, kwa hiyo koti hilo hubaki kabatini.

Linavyofichwa ndiko kulikonishangaza. Ujumbe wa kulitengeneza unaweza kuwa umeshaandikwa ndani ya kimelea. Lakini mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba mwanzoni mwa ujumbe huo kuna kipande kifupi cha kuzugia. Ribosomu, yaani mtambo unaosoma ujumbe na kuunda protini, husoma kipande hicho na kuishia hapo. Koti halishonwi, na kinga haiwezi kujifunza kitu isichokiona. Kwenye mimba vimelea hulipita zuio hilo, na kinga inakutana na mgeni kabisa.

Msidhani ni habari za Ulaya tu. Michal Fried na Patrick Duffy walifanyia Kisumu utafiti wao wa 1996 ulioonyesha vimelea vinavyonasa kwenye kondo, na baadaye wakaendelea Muheza, Tanga. Mwaka 1998 walionyesha kwamba wanawake waliokwisha kubeba mimba kadhaa wana kingamwili zinazozuia kunasa huko.

Kwa hiyo shangazi si shupavu kumzidi mdogo wangu. Mwili wake ulishafundishwa. Na ada ya somo? Usiku mama alininong'oneza: shangazi alizaa wanane. Wa kwanza alizaliwa mdogo mno, hakumaliza wiki. Huyo hahesabiwi. Siwezi kuapa kwamba ilikuwa malaria, ila malaria ya kwenye kondo huleta watoto wa namna hiyo.

Chanjo dhidi ya VAR2CSA zimeshajaribiwa kwa watu wachache Ujerumani na Benin, Ufaransa na Burkina Faso, ila kliniki bado hazijafika. Tulicho nacho ni chandarua, na hiyo SP: miezi mitatu ya kwanza ikishapita, kila hudhurio, kwa kupishana angalau mwezi mmoja. Ukianza mwezi wa tano umeshapoteza dozi.

Msimamo wangu ni huu: tuache kumpima mwenye mimba ya kwanza kwa rula ya aliyezaa saba. Wa kusindikizwa kliniki mapema kuliko wote ni yeye.

Hudhurio lijalo shangazi amesema atampeleka mwenyewe. Sikumuuliza kwa nini.

Naomba kutoa hoja. Kwenu mnasemaje?