Mashauri ya Nyumbani: Mwasumini wa Marehemu Mama



Mwezi uliopita nilipokea barua ya mwalimu mmoja, binti wa Jambiani, aliyepanga chumba katika Mji Mkongwe. Aandika hivi: "Mama alipofariki nilichukua mwasumini wake, nao umo katika kopo. Kila asubuhi naunywesha maji, sijasahau hata siku moja. Lakini majani yageuka manjano na kupukutika. Je, niongeze maji? Sina kingine cha mama kilicho hai."

Binti yangu, pole sana kwa msiba. Wala usiongeze maji. Nami zamani niliwaagiza wanangu watatu kuutazama mrehani wangu nikiwa safarini, kila mmoja kwa siri yake. Niliporudi baada ya siku kumi, udongo ulikuwa tope na shina limeoza. Haukufa kwa kusahauliwa, bali kwa kukumbukwa mno.

Sababu yake ni hii. Mizizi yahitaji hewa kama yahitajivyo maji. Udongo ukilowa daima, hewa hutoka, mizizi huoza, nayo iliyooza haiwezi kunywa. Ndipo majani hulegea kama ya mti wenye kiu, na mwenyewe akaongeza maji! Basi, kabla ya kumwagilia, tia kidole udongoni mpaka kiungo cha pili. Ukiona unyevu, acha. Ukiwa mkavu, mimina mpaka maji yatoke chini, kisha yamwage yaliyobaki kisahanini. Wakati wa masika udongo waweza kukaa siku nyingi bila kukauka. Wakati wa kaskazi, chungu kilicho juani huenda kikataka maji kila siku. Tena yaonje maji ya kisima: yakiwa na chumvi, tumia ya mvua.

Jambo la pili ni mwanga. Nyumba za Mji Mkongwe zina kuta nene za mawe na chokaa, na vichochoro vyake ni vyembamba. Mwasumini ni mti wa jua. Chumbani penye giza hurefuka, hupauka, wala hautoi maua ya kutia katika kikuba. Upeleke dirishani penye jua au juu darini, lakini polepole, kwa muda wa siku kumi, usije ukaungua.

Kama huna mahali pa jua, panda mmea mwingine wenye kuvumilia kivuli. Uko mmoja uitwao na wataalamu Zamioculcas zamiifolia, ambao asili yake ni pande zetu hizi, toka Kenya mpaka Afrika ya Kusini. Tangu miaka ya 1990 Waholanzi wameuzalisha kwa wingi, na leo wakaa katika nyumba za Ulaya na Marekani. Huweka akiba ya maji katika kiazi chake, hata waweza kungoja wiki mbili au tatu. Ila watoto wasiutafune, maana utomvu wake hukera kinywa.

Sasa kopo. Litoboe matundu chini. Utoe mwasumini wako taratibu uitazame mizizi: iliyo migumu iache, iliyo myeusi na laini ikate kwa kisu safi. Kama mingi imeoza, urudishe katika chombo kile kile. Kama imejaa na kuzunguka, tafuta kinachozidi kwa vidole viwili tu, kwa sababu chombo kikubwa mno hushika maji mengi. Changanya udongo mweusi sehemu mbili na samadi iliyooza sehemu moja. Usitie mchanga wa pwani, wala makumbi yaliyofukiwa ufuoni kwa kutengeneza usumba, kwani yana chumvi. Kisha uweke kivulini wiki moja.

Na leo hii, kabla hujafanya lolote, kata vitawi vitatu vizima, urefu wa shibiri moja. Ondoa majani ya chini, uvichomeke katika mchanga wa mtoni wenye unyevu kidogo, mahali pa kivuli. Baada ya majuma machache huenda kimoja kikashika mizizi. Hicho si mtoto wa mwasumini wa mama yako, bali ni mwasumini ule ule. Kikishika, kimoja mpelekee nduguyo kule Jambiani, ili usiwe na chungu kimoja tu cha kuogopea.

Utuandikie habari zake.